Vipande vya Fifi Nilivyovichoma

Sikiliza, mimi si mtu wa kuamini ovyo. Nilikuwa karani wa pamba, na karani wa pamba haamini hata maneno ya mama yake mzazi mpaka atie mkono ndani ya gunia. Haya ninayokueleza yalinitokea mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Nkoma, mchana, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Ukitaka kubisha utabisha, ila nisikilize kwanza.

Kazi yangu kwenye chama cha msingi ilikuwa kukagua pamba. Wakulima walichambua nyumbani, pamba safi peke yake na fifi peke yake, yaani ile yenye madoa na majani makavu. Nikikuta fifi ndani ya gunia la safi, namwaga gunia zima chini mbele ya watu, namwambia mwenyewe aizoe arudi nayo akachambue upya. Nilikuwa mkali, nakubali. Waliniita Bwana Fifi, na mimi mjinga nilijisikia kweli. Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, wakawa wanabeba safi na fifi gunia moja, hakuna wa kukagua. Kituo chetu kikafungwa. Nikarudi nyumbani na kalamu mfukoni, sina hata wa kumfokea.

Msimu huohuo tukampoteza mtoto wetu, Kabula. Alikuwa na miaka minne. Homa ilimwanza Jumatatu, Alhamisi tukamzika nyuma ya nyumba. Mke wangu Nyanzobe hakulia msibani. Wanawake walimzunguka, wakamlilia wao, yeye kimya. Watu walipoondoka alikaa chini, akageukia ukuta, na hapo ndipo akabaki. Hasemi. Ukimpa uji anakunywa vijiko viwili, anasukuma bakuli. Miezi inakatika, mifupa inatokeza, na mimi niliyezoea kupaza sauti kituoni sikuwa na neno hata moja la kumwambia mke wangu. Umewahi kukaa nyumba moja na mtu unayempenda ukamwona anakufa polepole huku amekupa kisogo? Usiombe.

Nikampeleka hospitali Bariadi. Daktari akampima, akasema hana ugonjwa, ana huzuni. Huzuni! Nilimuuliza huzuni ina sindano gani.

Tulipotoka tukapitia mnadani, nilikuwa nataka chumvi. Pale kwenye mitumba jamaa mmoja wa Mwanza alikuwa amefungua robota, si la nguo, ni la vitu vya watoto wa Ulaya. Midoli isiyo na mikono, vitabu, na maboksi matatu makubwa yenye picha za katuni za zamani, zile za wanyama wanaotembea kama watu. Nikamuuliza ni nini hii. Akasema, "Picha za kuunga, mzee. Ndani ni vipande elfu mbili mbili. Ukiviunga vyote unapata picha kama hii ya juu."

"Halafu?"

"Halafu basi. Unaiangalia."

Nilicheka. Nilidhani wazungu wamekosa kazi. Lakini nilipogeuka nikaona Nyanzobe ameinama. Ameyaangalia maboksi yale, haki ya Mungu, macho yake yamerudi kuwa macho. La kwanza lilikuwa na kasri jeupe na msichana mwenye gauni, na mimi kwa ukarani wangu nilipenda hilo, weupe mtupu. La pili mbwa mabaharia kwenye meli. La tatu lilikuwa na bendi ya wanyama ndani ya msitu wa giza: dubu mnene wa kaptula anapuliza tarumbeta, mbuni mwenye kofia, kiboko na ngoma, mbuzi wawili wanacheza. Nikamwonyesha la kasri. Akaupita mkono wangu, akaweka kiganja juu ya yule dubu.

Hapo nikaelewa. Mwaka uliotangulia gari la sinema lilikuja uwanja wa shule, na kabla ya filamu wakaonyesha katuni ya dubu. Kabula alicheka mpaka akapaliwa, kila dubu akipuliza tarumbeta anajificha kwenye kanga ya mama yake, halafu anachungulia. Sikujadili bei. Nilibeba boksi lile kichwani mpaka kwenye lori la kuturudisha nyumbani.

Sasa sikia ujinga wangu. Nyumbani nilikwenda kung'oa mlango wa ghala letu la pamba, maana lilikuwa tupu, nikaulaza sebuleni uwe meza. Nikamwaga vipande. Nikajiambia, kabla hajaanza nimrahisishie, nivichambue. Nikachambua kwa mtindo ninaoujua. Vyenye rangi, vyenye jicho, mdomo, kofia, nikaweka huku: safi. Vile vyeusi vyeusi visivyo na kitu, vyote sawasawa, nikaweka kule: fifi. Na fifi kwangu ilikuwa uchafu. Nikajaza ndoo, nikaenda kuvimwaga kwenye shimo la takataka, jioni nikatia kiberiti. Unaniangalia hivyo? Angalia tu, nimeshajitukana vya kutosha.

Siku ya tatu Nyanzobe akageuka. Akasogea kwenye mlango ule, akashika kipande kimoja, akakishika kingine, vikashikana. Nilitoka nje nikamshukuru Mungu peke yangu kwenye migomba. Wiki mbili alikuwa pale tangu kunakucha, anaunga, na uji akawa anamaliza bakuli. Dubu akakamilika. Mbuni, kiboko, mbuzi. Lakini kila mmoja alikuwa peke yake, hawagusani, maana kilichowaunganisha ni lile giza la msitu. Nyanzobe akawa anapapasa mlango, anapapasa sakafu, anageuza boksi. Akaniangalia.

Nikamwambia. Ningefanyaje? Nikasema, "Nilidhani ni fifi. Nilichoma."

Alinyanyuka, akarudi ukutani kwake. Safari hii hata vile vijiko viwili akakataa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata maji anayatema. Nililichimba lile shimo kwa mikono, nikapata jivu na matope. Siku ya nne asubuhi nilimtazama mgongo wake nikajua, wiki haiishi, nitachimba kaburi la pili.

Mchana wa siku hiyo mvua ilikuwa inamwagika. Nimekaa mlangoni, nyumba ina mlango mmoja tu, namwona mama mmoja mzee anakata uwanja anakuja. Hakimbii mvua. Alipofika barazani nikaona kanga yake kavu. Miguu yake ilikuwa na vumbi. Vumbi, nakuambia, na uwanja wote ni tope! Nilitazama nyuma yake, hakuna hata alama moja ya unyayo.

"Mwadila, karani," akanisalimu.

"Mwadila, mayu," nikajibu, nikimwita mama kama desturi.

Akaomba maji. Nikampa kikombe, akakipeleka mdomoni, akashukuru, akanirudishia. Kilikuwa kimejaa vilevile. Wakati huo nikaitambua sura. Alikuwa mama mmoja wa Zagayu, Mayu Minza, ambaye msimu mmoja nilimmwagia pamba yake mara tatu siku tofauti. Macho yake mekundu kwa moshi wa kuni, kama ya mabibi wengi wa kwetu. Na wewe unajua kwetu mama mzee mwenye macho mekundu watu humfanya nini kwa kusingiziwa uchawi tu. Nilichotakiwa kufanya ni kupiga mwano, yowe moja, sungusungu wangefika na marungu kabla sijavuta pumzi. Nikajaza kifua. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua.

Nyuma yangu nikasikia, "Mpishe."

Nyanzobe. Neno la kwanza tangu tuzike. Alikuwa ameshika ukuta, anamtazama yule mama. "Mpishe apite."

Nikasogea. Yule mama akaingia, akakaa kwenye mkeka kando ya ule mlango wa vipande, akafungua pindo la kanga. Vikamwagika vipande vyeusi, vingi, vinanukia moshi. Vipande vyangu! Vile nilivyovichoma! Akaanza kuvichambua kwa vidole viwili, harakaharaka, kama mtu aliyechambua pamba maisha yake yote, anavisogeza mbele ya mke wangu kimoja kimoja. Mimi nikanyoosha mkono nisaidie. Akanitazama, akatabasamu.

"Karani, leo pumzika kukagua."

Nikatoka. Nikakaa palepale kizingitini, mgongo nimeupa mlango. Mvua ilikuwa inapiga bati, nasikia wanawake wawili wanaongea Kisukuma chini chini, maneno siyapati, isipokuwa yule mzee anasema "ng'wanone, ng'wanone," mwanangu, mwanangu. Halafu Nyanzobe akalia. Alilia kile kilio ambacho hakukilia msibani, kwa sauti, anaita jina la mtoto, na mimi nje nalia naye, sijui nikuelezeje, nalia kwa shukrani. Alilia mpaka mvua ikapungua.

Nilipoingia, yule mama hakuwepo. Mlango ni mmoja, nimeuziba mimi kwa mgongo wangu. Picha ilikuwa imekamilika, msitu mzima, dubu na wenzake wote ndani yake, hakuna tundu hata la kupitisha uzi. Nyanzobe amekaa, uso umevimba kwa machozi. Akasema, "Nina njaa."

Nilisonga ugali mimi mwenyewe. Ulikuwa na mabuja. Aliumaliza.

Baada ya wiki, alipopata nguvu za kuteka maji mwenyewe, nikachukua baiskeli nikaenda Zagayu kushukuru. Nilibeba jogoo. Nikaulizia kwa Mayu Minza, nikaonyeshwa mji wake, nikamkuta binti yake mtu mzima anapura mtama. Nikajitambulisha, nikasema nimeleta wabeja, yaani asante, kwa mama, alikuja kwangu kunisaidia. Akaacha kupura.

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

Akanyoosha mkono upande wa zizi. Kaburi lilikuwa pale, na nyasi zimeshaota. "Mama alikufa msimu wa juzi," akasema. Jogoo alinitoka mkononi. Yule binti akanikalisha, akanipa maji, halafu akaniuliza taratibu, bila hasira, kama ndiye mimi karani wa fifi. Nikasema ndiye mimi. Akasema, "Msimu ule ulipomrudisha mara tatu, mdogo wangu wa mwisho alikuwa amekufa. Mama alikuwa anachuma na kuchambua huku analia, haoni. Sisi tulimwambia aache, akasema mikono ikikaa bure atakufa."

Nilimwomba msamaha binti, nikaenda kaburini nikamwomba na mwenyewe. Je, wewe ungefanyaje? Mtu umemdhalilisha kwenye msiba wake, naye anakuja kukuokoa kwenye wa kwako. Nilirudi nimeshika baiskeli mkononi, sikuweza kuipanda.

Nikamweleza Nyanzobe, naogopa atashtuka. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa.

"Najua amekufa," akasema. "Aliniambia mwenyewe."

"Na hukuogopa?"

"Nilimuuliza Kabula anakaa na nani huko." Vidole vyake vikasimama kwenye ungo. "Akasema anakaa naye yeye mwenyewe. Akasema ni msumbufu, kila jioni anabembelezwa aache kucheza ndipo anawe miguu."

Kabula alikuwa hivyohivyo. Kila jioni vita ni kunawa miguu. Nani alimwambia mama yule wa Zagayu?

Basi, huo ndio mwisho, na sitaki uniamini kwa nguvu. Ile picha tuliigandisha kwa uji wa muhogo, imeegemea ukuta ule aliokuwa akiutazama. Tumejaliwa watoto wengine watatu, wakubwa sasa. Ghala letu halikupata mlango tena, kuku wanaingia wapendavyo. Kila mwaka, tukishapanda, naenda Zagayu na jembe langu kupalilia lile kaburi, na yule binti ananiita kaka. Hakuna siku ninayolala bila kumshukuru mama yake.

Lakini wewe nakuonya, na onyo langu si la vizuka. Ukimwona mama mzee asiyejulikana anaingia kwenye nyumba yenye msiba, hata kama miguu yake haiachi alama, ufunge mdomo wako. Usiite watu, usimwangalie macho, mwache akae na anayelia. Mimi nilibakiza pumzi moja tu nipige mwano siku ile. Ningeupiga, wangemfukuza kwa marungu na vipande vyake kwenye kanga, na leo nyuma ya nyumba yangu kungekuwa na makaburi mawili.