Sahihi ya Mama Mito

Mtaa wetu una nyumba hamsini na kitu za mawe, zimebanana bega kwa bega, kuta zake nene kiasi kwamba mtu anakaa dirishani akakunja miguu. Serikali ilizipigilia vibao vya bati: nyumba za kale, marufuku kubomoa. Wageni walikuja kupiga picha vibao. Sisi tuliendelea kukinga ndoo chini ya mapaa yanayovuja.

Humo ndimo anamoishi mshona magodoro tunayemwita Mama Mito. Ni mjane mwembamba, mwenye vinyuzi vya sufi kichwani tangu asubuhi hadi jioni. Aliingia mtaani akiwa bibi harusi, na ukuta mmoja wa nyumba yake ulikuwa pia ukuta wa jirani aliyekuja kuwa zaidi ya dada. Wakitaka kuitana hawakutoka nje, waligonga ukutani. Jirani alipougua baada ya kujifungua kifunguamimba wake, Mama Mito, ambaye naye alikuwa na mtoto mchanga, aliwanyonyesha wote wawili.

Jirani alifariki mwaka juzi. Haikupita miezi mingi, yule kifunguamimba, sasa mtu mzima mwenye kitambi na gari, akaja na karatasi.

"Shikamoo, mama mdogo. Tunakarabati nyumba ya marehemu. Manispaa wanataka jirani aweke sahihi tu."

"Marahaba, mwanangu. Miwani nimeiacha juu. Inasemaje?"

"Kwamba huna pingamizi. Au huniamini?"

Hilo la mwisho ndilo lililommaliza. Mtoto uliyempa ziwa lako, utamwambiaje ngoja nisome kwanza? Alijifuta mikono kwenye gauni, akaiweka karatasi juu ya godoro alilokuwa akishona, akatia sahihi.

Kumbe nyumba ilikuwa imeshauzwa. Mnunuzi, ambaye mpaka leo hatujamtia machoni, alitaka hoteli ndogo yenye tangi la maji chini ya ua. Wakachimba. Wiki ya pili, Mama Mito akiwa anapima kitambaa, alisikia mlio kama shuka linachanwa. Alipogeuka, ufa ulikuwa umeshuka kutoka darini hadi sakafuni, na kiganja kingeweza kuingia.

Mtaa ulichemka. Mwalimu mstaafu anayekaa mkabala naye, mtu wa barua na mihuri, alitukusanya. Tulikwenda manispaa watu kumi na mmoja, Mama Mito katikati yetu kama mfiwa. Njia nzima hakufungua mdomo. Tulidhani ni uchungu.

Mwalimu alisimama mbele ya ofisa, akamwaga maneno. "Hakuna kuchimba mpaka jirani aridhie. Tuambieni, nani aliridhia?"

Ofisa alifungua jalada, akaisukuma karatasi mezani. Mwalimu aliisoma mara mbili, kisha akamgeukia Mama Mito.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Na ukatuacha tuje mpaka hapa?"

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia, Mwalimu. Kila nikitaka kusema, nawakuta mmeshakasirika kwa niaba yangu."

Tulirudi kila mtu na njia yake. Kabla ya jua kuzama, mpiga pasi wa kona alikuwa ameshasema, "Amekula kitu huyo," na maneno hayo yakaenea kama moshi. Mama Mito alimpigia simu yule mwanawe wa ziwa siku tatu mfululizo. Iliita tu.

Manispaa walisimamisha kazi siku tisa, kisha wakairuhusu, kwa sharti ukuta uwekewe magogo ya kuushikilia. Chumba chake cha mbele kikawa msitu. Akahamia kushonea chini ya ngazi. Familia mbili za nyuma yake ziliogopa, zikahama. Binti yake akaja kumchukua.

"Mama, twende. Hapa patakuangukia."

"Nikiondoka leo, watasema kweli alilipwa. Niache."

Zaidi ya mwezi Mwalimu alipita mlangoni pake akiangalia mbele. Asubuhi moja akaingia amebeba godoro mgongoni, akalitua.

"Limebonyea katikati," alisema.

"Shika huo upande nilifumue."

Akashika. Ng'ambo ya ukuta mashine ilikuwa ikitoboa, na vumbi la chokaa likawa linadondokea sufi iliyofumuliwa. Mama Mito aliipepeta, fungu baada ya fungu, kabla ya kuirudisha ndani.