Mgeni Nyumbani kwa Kinyozi

Kinyozi huyu alikuwa mtu wa mzaha tangu tumboni mwa mama yake. Wapo wateja waliomjia hata nywele hazijarefuka, wakae tu kwenye benchi wasikie leo kasema nini. Mdomo wake haukuwa na breki. Hata siku mkewe alipoondoka kwenda nchi ya mbali, kazi ya mkataba ya kumuuguza bibi kizee asiyeweza kutembea, gari linanguruma nje na watoto watatu wanalia kwa sauti tatu tofauti, yeye alisimama mlangoni na mashine ya kunyolea mkononi akamwambia asiwaonyeshe picha yake huko aendako, wasije wakamrudisha kwa kumhurumia. Mkewe alicheka huku machozi yanamtiririka. Kisha akamvuta pembeni.

"Hawa wakubwa watanikumbuka," alimwambia. "Huyu mdogo ndiye ninayemhofia. Nakuomba kitu kimoja tu, baba watoto. Asinisahau."

Mdogo mwenyewe, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, alikuwa na miezi kumi, ndiyo kwanza anasimama dede kwa kushikilia kiti cha wateja. Kinyozi akaapa. Na tusimwonee jamani, kiapo kile alikishika kweli, na huko kushika kwake ndiko kulikomponza.

Nyumba yao ilikuwa saluni mbele, sebule nyuma ya pazia, na chumba kimoja cha kulala nyuma ya sebule. Bafu lilikuwa uani. Kinyozi alijifunza upesi kwamba uji huungua kwa muda ule ule wa kunyoa ndevu za mtu mmoja, na kwamba mtoto hasemi anataka choo mpaka baba awe na wembe shingoni mwa mteja. Alinyoa huku Kitinda amefungwa mgongoni, na mteja akishtuka kuvutwa sikio, aliambiwa avumilie, huyo ni msaidizi. Mtaani wakambatiza jina la Baba Mama, naye akaitika bila kinyongo.

Kifungua mimba, msichana wa miaka sita wakati huo, alikuwa na nywele nyingi kama za mama yake. Kinyozi alijitia kujua kusuka. Alianza Jumamosi asubuhi, na jua likatua bado anahangaika, huku akijisifu kwamba mikono yake imegusa vichwa elfu. Alipomaliza, msuko mmoja ulielekea mashariki, mwingine magharibi, na wa katikati ulisimama wima hautaki ushauri. Mtoto alijitazama kwenye kioo cha saluni, kisha akapanda mwenyewe kwenye kiti cha wateja. "Baba, ninyoe tu," akasema. Baba akamnyoa, akicheka, lakini zile nywele alizikusanya akazifunga kwenye karatasi na hakuzitupa. Mtoto wa kati, mvulana mbishi wa miaka minne, alipoona hivyo aliiba mashine akajinyoa nyusi moja. Kwa wiki mbili alionekana kama mtu anayeshangaa upande mmoja.

Lakini tuje kwenye simu, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia. Kinyozi alikuwa na simu mbili. Ya vitufe ilikuwa ya wateja. Ya kupangusa, aliyoachiwa na mkewe, ilikuwa ya mama, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kwa jambo lingine. Kila siku saa kumi na mbili jioni, kabla ya kuoga, aliisimamisha juu ya kiti kidogo cha mbao, akaiegemeza kwenye kopo la sukari, na uso wa mama ukatokea. Wakubwa walimwamkia, wakashitakiana, wakaimba nyimbo za shule. Kitinda alikaa mbele kabisa, pua karibu iguse kioo.

Na kinyozi, kwa kuwa hawezi kukaa na kitu bila kukifanyia mzaha, akaanza. Simu ikiwekwa kwenye chaji, alisema mama anakula. Ikizimwa, mama amelala, msipige kelele. Mtandao ukikatika na sauti kukwaruza, mama ana mafua leo. Siku ilipoanguka na kioo kikapata ufa, alileta plasta ya saluni, ile anayowabandika aliowakata, akaifunga simu kwenye kona, na watoto watatu wakampa mama pole. Huko mbali mkewe alivunjika mbavu kwa kicheko. Alisema uchovu wa siku nzima umemtoka mwilini.

Kitinda akakua na mama yake huyo. Alimlisha uji, kinyozi akawa anaufuta. Alimfunika kitambaa mama akilala. Alimbusu kabla ya kwenda kitandani, na asubuhi kitu cha kwanza alitaka kujua kama mama ameshiba. Kinyozi aliwasimulia wateja akifurahi: nani alisema mtoto wa miezi kumi atamsahau mama yake? Kifungua mimba peke yake ndiye aliyekaa na shaka. Siku moja alimwambia baba yake wakikunja nguo kwamba Kitinda hachezi, Kitinda anaamini. Baba akamjibu kwamba ataelewa akikua. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wazee walishasema, lakini nani huamini wazee wakati kila mtu anacheka?

Mkataba wa miaka miwili ulivutwa ukawa miwili na nusu. Kisha, mchana mmoja wa Jumapili, mama akarudi.

Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa imekakamaa kwa kumwinua mgonjwa. Mtoto wa kati alimrukia shingoni. Kifungua mimba alilia mpaka akapata kwikwi. Yeye mama aliwakumbatia wote wawili huku macho yanamtafuta wa tatu, na wa tatu alikuwa nyuma ya miguu ya baba yake, ameshika suruali kwa ngumi mbili. Kinyozi akasema njoo umwone mama, mama amekuja. Kitinda akamtazama yule mwanamke kuanzia miguuni. Mama aliyemjua yeye alikuwa na uso wa ukubwa wa kiganja, hana miguu, hana harufu. Akageuka akatazama kiti kidogo chenye simu.

Mkewe, kwa uchovu wa safari, aliisogeza simu ili akae. Hapo mtoto alipiga yowe ambalo hata mateso ya jino hayajawahi kumtoa. "Mwache mama!" alilia. "Baba, mwambie mgeni amwache mama!"

Kinyozi alicheka. Kilikuwa kicheko cha mazoea tu, kilimtoka kabla hajajua. Alipomwona mkewe usoni kikamkauka, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Walisema ni siku ya kwanza, atazoea. Siku ya tatu bado Kitinda alikataa kulishwa na mgeni. Siku ya tano mgeni alimgusa bega akiwa amelala nusu usingizi, akaamka akalia hadi baba alipokuja. Kinyozi alijaribu kila alichojua. Alimfanyia mkewe utani ili mtoto acheke naye, mtoto hakucheka. Akaona dawa ni kuiondoa simu, akaificha kwenye droo ya mashine na vitana. Kitinda aliitafuta chini ya vitanda, nyuma ya mlango, ndani ya sufuria. Kesho yake aliacha kutafuta, akakaa mbele ya kiti kitupu, akamuuliza baba yake kama mama amekufa.

Kinyozi akaitoa simu siku ile ile. Aliirudisha mahali pake, akaiegemeza kwenye kopo la sukari. Kisha akaenda chumbani, akamkuta mkewe ameketi sakafuni kati ya kitanda na kabati, sanduku la safari bado halijafunguliwa hata nusu.

"Nilikuomba asinisahau," mkewe alisema bila kuinua uso. "Hajanisahau. Ananipenda sana, baba watoto. Tatizo ni kwamba siye mimi."

Alingoja mzaha. Alimjua mumewe. Lakini kinyozi aliketi chini kando yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa anacheka ili asilie, na kwamba siku nyingine alipokuwa akiwachekesha watoto alikuwa amejifungia bafuni kwanza akalia ndipo akatoka. Akasema amekosa. Mkewe alikuwa hajawahi kumsikia akisema neno lile peke yake bila kulitia chumvi, na ndilo lililomfanya amshike mkono.

Saa kumi na mbili jioni Kitinda alikuwa ameshakaa mbele ya simu, miguu amekunja, anangoja. Mke wa kinyozi alimchungulia kutoka chumbani. Akachukua simu yake kutoka kwenye mkoba, akamwomba mumewe atoke na arudishe mlango, akaipigia ile ya kwenye kiti.

Kinyozi aliipokea, uso wa mama ukatokea kama siku zote, naye akasimama pembeni. Alisikia sauti ya mkewe mara mbili, kwanza kupitia mlango, kisha kwenye simu. Kitinda alisikia moja tu. Alimsalimia mama yake kwa furaha ya siku nyingi za njaa, akamkemea kwa kupotea, kisha akashusha sauti akamweleza kwamba nyumbani kuna mgeni.

"Mgeni gani?" mama akauliza.

"Mwanamke. Analia lia."

"Anakupiga?"

Kitinda akafikiri. Alikuwa mtoto wa haki. Akasema hapana, ila haondoki.

Kinyozi alisikia pua ikivutwa kule chumbani. Kisha mama akamwambia mwanawe kwamba mgeni yule ni mtu wake, yeye ndiye aliyemtuma, na leo amemwagiza amwogeshe. Je, atamkubalia? Kitinda alitazama mlango, akatazama simu, akauliza kama maji yatakuwa ya moto. Akaambiwa ndiyo. Basi, akasema, kwa kuwa mama ndiye aliyesema.

Mke wa kinyozi alitoka chumbani ameshajifuta uso. Kitinda akampa mkono, mkono mmoja tu, mwingine ukiwa nyuma, akamwongoza uani kumwonyesha bafu lilipo. Kinyozi alisahau kuwapa taulo. Alipoipeleka alikuta mlango umerudishwa, maji yanamwagwa kidogo kidogo, na mtoto anahoji. Akasimama pale na taulo mkononi.

"Wewe una mtoto?" Kitinda alikuwa akiuliza.

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

Maji yakanyamaza, kisha yakamwagwa tena.

"Yuko nyumbani. Ananingoja."

"Basi rudi kwake," Kitinda akamwambia, kwa upole, jinsi mtu mzima anavyomwelekeza mgeni njia.

"Narudi," alijibu mkewe. "Bado kidogo nifike."