Kanga Juu ya Kompyuta

Jamani, mume mwenye akili timamu anafunika kompyuta kwa kanga ya mkewe kwa sababu gani?

Siku hiyo nimetoka gengeni, nazi mkononi. Namkuta Hussen, mume wangu, amekaa mbele ya kompyuta yetu chumba cha mbele. Kioo kakifunika kanga yangu, kaacha upenyo kidogo upande wa kushoto. Anachungulia hapo.

Kuniona tu, akachomoa flashi fasta.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Aa, jua linanipiga machoni."

Jua! Na dirisha lenyewe limefungwa.

Nikaenda zangu jikoni kukuna nazi. Mimi Ziada nikinyamaza ujue kuna kitu.

Nijieleze kidogo. Hapa Kilwa Masoko mimi napiga video za shughuli za wanawake. Singo, mambo ya ndani, bibi harusi anasuguliwa, anafundwa, akina mama wanacheza wamejiachia. Mwanaume haingii. Simu zote zinakusanywa mlangoni kwenye beseni, inabaki kamera yangu peke yake. Video ikiwa tayari, namkabidhi mama mzazi mkononi, ya kwangu nafuta. Ndiyo maana wananiita, kuanzia hapa mpaka Kiranjeranje. Wananiamini.

Video hizo nazitengenezea kwenye kompyuta ya Hussen, ambayo yeye anaitumia kuwaingizia watu nyimbo kwenye flashi. Lakini zinakaa kwenye hadidiski yangu ndogo, ile ya kubeba. Nikimaliza nachomoa, natia kwenye pochi. Hussen hajawahi kuigusa.

Au ndivyo nilivyodhani.

Kesho yake napita saluni ya Abdulwahab, kinyozi. Sabufa linapiga. Nikasimama.

Sauti yangu! Mimi nacheka, napiga vigelegele, na Bi Fauzia anaimba ule wimbo wake wa kumfunda mwali. Ni singo ya Mwanahija, jina nimembadilishia, ya wiki ile ile.

Mwanahija anaolewa Ijumaa. Kwenye ile video yuko na kanga moja tu, mgongo wazi. Wakwe zake wakisikia imefika mtaani, ndoa hakuna. Na mimi nitaonekana nimemuuza mtoto wa watu.

"Abdulwahab, hiyo umeitoa wapi?"

"Si kwa mumeo, shemeji. Nimeikuta tu humu. Sabufa langu halina picha, nasikia vigelegele basi."

"Nipe hiyo flashi."

"Sasa shemeji, nyimbo zangu..."

"Nipe!"

Akanipa.

Toka hapo nikaanza kumfuatilia Hussen. Mara yuko uani ananong'ona kwenye simu: "Usiifungue. Niletee hivyo hivyo." Mara anawasha pikipiki, eti anafika Mitole mara moja. Anarudi na flashi mfukoni. Tangu lini yeye anawafuata wateja? Na nikiingia ndani, kanga juu ya kioo.

Nikajisemea, huyu anaangalia. Mume wangu anakaa kuangalia watoto wa watu, halafu anawagawia wanaume wenzake. Nililia jikoni mpaka mchuzi ukaungua.

Nikaenda kwa kaka yangu, Issa. Ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, ndiye aliyeniozesha.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

Nikamweleza yote. Akanisikiliza huku anatikisa kichwa.

"Huyo si mume, Ziada. Huyo mchafu. Dai talaka yako. Na uwahi kwa kina Mwanahija uwaambie ni yeye, kabla hawajasikia kwingine."

"Nisimuulize kwanza?"

"Umuulize ili iwe nini? Wewe unadhani atakiri?"

Nikamwambia basi twende wote, tumkamate kwa macho yetu. Akaanza, oh nina kazi, oh nina wageni. Nikamng'ang'ania mpaka akakubali.

Baada ya alasiri tukaingia. Hussen yupo. Kanga ipo. Nikaivuta kwa hasira mpaka ikachanika.

"Tuone unachoangalia, mshenzi we!"

Hakuna kitu. Flashi tupu, ndiyo kwanza imemaliza kufutwa.

Hussen alinitazama, akamtazama Issa, akashusha pumzi.

"Fundi Petro aliniwekea setingi msimu huu wa korosho, foleni ya wateja ilikuwa kubwa," akasema. "Ukichomeka chochote, mashine inakifungua yenyewe. Ikikuta wimbo au video ambayo haina, inaivuta, halafu inammwagia kila mteja anayefuata. Mimi nikajua ni flashi za wateja tu. Kumbe na hadidiski yako ukiichomeka, inavuta vilevile."

Nikakaa chini.

"Sasa nazifuata flashi za watu, nazifomati; nyimbo nitawarudishia bure baadaye. Kwenye mashine nafuta mwishoni, maana nikitangulia kuifuta humo, flashi itakayofuata itairudisha. Petro yuko Lindi, na mimi setingi yake siiwezi. Nikichomeka tu, ile video inaanza kucheza yenyewe. Ndiyo nikafunika. Pale kushoto yanatokea majina ya flashi, kwa kufutia panatosha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, Ziada? Kwamba nimemwona mtoto wa watu? Ilivyofunguka mara ya kwanza, nikafumba macho, nikaizima. Nikasema harusi ipite kwanza."

Nilitamani ardhi inimeze, wallahi.

"Zimeisha zote?" nikamuuliza.

"Ya Abdulwahab kaniambia umechukua wewe. Imebaki moja." Akamgeukia Issa. "Ya shemeji. Kila nikimwomba, anasema imepotea."

Nikageuka. Issa kashika funguo za pikipiki yake, na flashi inaning'inia hapo hapo.

"Kaka, nipe."

"Yaani unamsikiliza huyu?"

"Nipe, kaka!"

Nilimpokonya. Hussen akageukia ukutani. Nikachomeka.

Mashine ikaifungua bila kuulizwa. Nyimbo zote zipo vilevile Hussen anavyozipanga. Video ya Mwanahija tu ndiyo haikuwa na wenzake. Ilikuwa imetolewa, ikawekewa folda yake peke yake, na folda hiyo Issa kaiandika jina mwenyewe: USIFUTE.

Hapo ndipo nilipoielewa ile haraka ya talaka. Hussen akishabeba lawama, nani angeulizia flashi ya Issa?

"Toka kwangu," nikamwambia. Kaka yangu, mwenye kuniozesha. Akatoka bila kuaga.

Nikaifuta kwa mkono wangu, na ile ya kwenye mashine vilevile.

Mwanahija kaolewa Ijumaa, hajui lolote. Petro alirudi, akaitoa ile setingi, na hadidiski yangu sasa ina neno la siri.

Nyie mnaotumia kompyuta moja nyumba nzima, zimeni hayo mambo ya kila kinachochomekwa kufunguka chenyewe. Mashine haijui kipi cha ndani na kipi cha mtaani.

Na wewe dada unayemshuku mumeo, muulize yeye mwenyewe kabla hujaenda kuamuliwa na mtu mwingine. Mimi kidogo tu niende kwa kina Mwanahija nikamchafue mwanaume aliyekuwa anazunguka na pikipiki juani ili anisitiri.