Watu Wasio na Namba

Siku ya nne baada ya mto Ulúa kufurika na kuingia mjini, Nereida Pineda alikuwa hajakalia kiti chake dakika kumi mfululizo. Alikuwa mtunza kumbukumbu wa manispaa, na kompyuta yake ilikuwa na majedwali matatu: waliopotea, waliofika makambini, waliolazwa hospitalini. Watu walitumwa dirisha hili hadi lile wakitafuta jina moja.

Asubuhi hiyo aliyaunganisha yote kwa namba ya kitambulisho. Ikatoka orodha moja safi, kila mtu na mstari wake. Wakubwa wakampongeza. Yeye hakutulia, alimimina kahawa, akaiacha, akasimama, akakaa.

Saa nne akaja mzee don Eusebio, kibarua wa shamba la ndizi, kumwulizia mkewe, Domitila Murillo. Nereida akatafuta, akamwambia hayupo kambi yoyote wala hospitalini, labda hakuandikishwa kwa namba yake.

"Binti yangu, nyumba imeondoka na maji," mzee akasema. "Unadhani Domitila alikimbia kashika kitambulisho? Hata viatu sijui kama alivaa."

Nereida akafungua tena jedwali la makambini. Akahesabu. Makambini walikuwa wameandikishwa watu mia tisa na kumi na wawili. Kwenye orodha yake, kati yao walikuwamo mia sita na wanne tu. Wote waliofika bila namba walikuwa wameachwa nje kimyakimya, na aliyewaacha ni yeye.

"Nisamehe, don Eusebio. Kosa ni langu. Kaa hapo kidogo."

"Nimeshakaa siku mbili juu ya paa la jirani. Nitasimama."

Akaunganisha upya. Wasio na namba aliwalinganisha kwa jina la ukoo, mwaka wa kuzaliwa na mtaa, na safari hii kila mtu alibaki, hata asiyepata wa kulingana naye. Akakosea herufi mara tatu, huku mzee akimpumulia begani.

Mstari ukatokea: Tila Murillo, kambi ya shule ya msingi.

"Tila," mzee akasema polepole. "Hilo jina namwita mimi tu."

Akatoka bila kuaga.

Kufikia alasiri, kati ya watu mia moja na kumi kwenye jedwali la waliopotea, sabini na tisa walikuwa wamepatikana. Thelathini na mmoja walibaki, majina yao yakiwa na nafasi tupu kando. Nereida alizitazama nafasi zile, akashindwa kuzivumilia. Akachapisha orodha yao, akavaa buti za mpira, akaenda makambini kuuliza mtu mmoja mmoja. Siku hiyo alipata wawili.