Mpunga Uliolowa Uani

Mafuriko yalipofunika mashamba ya mpunga ya Usevya, kamati ya kijiji iliniomba nipite nyumba kwa nyumba kuwaorodhesha waliokimbia maji, ili wapewe chakula cha msaada. Nilichaguliwa kwa kuwa nilifundisha shule miaka mingi, na inajulikana kwamba siandiki nisichokithibitisha.

Jirani mmoja alinidokeza kuwa katika nyumba fulani ya mwinukoni amehifadhiwa mjane mwenye watoto watatu. Nikamjibu kwamba maneno ya njiani hayatoshi; nitakwenda mwenyewe. Nilikwenda. Mwenye nyumba, kaka wa marehemu mume wa mjane huyo, alinipa kiti. Nikamuuliza kama ana wageni waliokimbia maji.

"Hapa hakuna mgeni, Mwalimu," alisema. "Hawa wote ni wangu."

Kwetu ndugu aliyepokelewa haitwi mgeni. Kumwita hivyo ni sawa na kumfukuza. Nalijua hilo tangu utotoni. Hata hivyo niliandika: hakuna. Nikaaga, nikampita mwanamke aliyeinama uani akigeuza mpunga juu ya turubai. Mpunga ulikuwa umelowa, umeanza kuchipua, unanuka tope. Nyumba ile hulima mahindi peke yake. Sikusimama.

Siku ya ugawaji, watu wakiwa mstarini katika uwanja wa shule, yule mwenye nyumba alinijia mikono mitupu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mahindi yao yamekwisha, na kwamba watoto wa marehemu walilalia uji jana. Nikamwendea mama aliyesimamia ugawaji. Mama huyo alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema orodha imefungwa, na majina hayaongezwi kwa maneno ya mdomo. Kanuni hiyo niliidai mimi kikaoni.

Nikarudi kule uani, na safari hii nikamuuliza mjane mwenyewe. Hakuacha kugeuza mpunga wake.

"Siku ile nilikuona, Mwalimu," alisema. "Nilidhani utaniuliza."

Niliandika jina lake na majina ya wanawe kwa ajili ya awamu ya pili, ambayo hakuna anayejua kama itakuja. Jioni nikawapelekea debe la mahindi kutoka ghalani mwangu. Shemeji yake alilipokea mlangoni bila kunipa kiti, na sikustahili zaidi ya hapo.

Nilipokuwa njiani kurudi nilisikia mchi. Mjane alikuwa anautwanga mpunga ule ule.