Ripoti ya Moshi wa Nyansiongo

Swali la kwanza kwenye fomu liliuliza injini imefungwa katika chombo gani, na chombo hicho kimesajiliwa bandari ipi. Nilikuwa nimeketi juu ya gunia la mahindi pale Nyansiongo, mahali ambapo maji makubwa kuliko yote ni bwawa la kunyweshea ng'ombe lililoachwa na walowezi.

"Andika Nyansiongo," fundi akasema.

"Nyansiongo si bandari, mzee."

"Umeulizwa iko wapi. Iko wapi?"

Nikaandika Nyansiongo.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, na shahada yangu ya fizikia ilikuwa bado haijamfaa mtu yeyote, mimi nikiwa wa kwanza. Nikapata ukarani katika kinu cha posho cha mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Kihindi, ambaye familia yake ilikuwa na duka mjini Kisii tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Kazi yangu ilikuwa kupima magunia na kujibu barua. Barua zilikuwa chache, kwa hiyo muda mwingi niliutumia kubishana na fundi.

Fundi alikuwa mtu wa Kenyenya, mwenye miaka hamsini na kitu, na maisha yake yote ya kazi yalikuwa yamepita ndani ya chumba cha injini cha meli moja ya ziwani. Meli ilipozeeka ikauzwa vipande vipande. Tajiri wetu alinunua injini, na fundi akaja nayo, kama shangazi aliyemsindikiza bibi harusi akakataa kurudi nyumbani. Ilikuwa na silinda sita na kimo cha kumzidi mtu mrefu. Ilizungusha mawe matatu ya kusagia, na iliwashwa kwa hewa iliyoshindiliwa kwenye tangi. Ilipoamka, sakafu ilitetemeka na unga uliolala juu ya boriti ukatuangukia vichwani. Kila mtu aliiita Meli. "Naenda Meli," mama mmoja aliweza kusema akijitwika debe lake la mahindi, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mimi.

Tatizo ni kwamba meli ilipouzwa hakuna aliyeiarifu serikali. Katika vitabu vyao injini yetu ilikuwa bado inaelea. Ndiyo maana amri mpya ilipotoka, ya kuwataka wenye injini kubwa za dizeli za meli waeleze moshi wao, barua ikamfuata tajiri hadi dukani kwake. Kwa siku kumi na nne tulitakiwa kuandika, kila saa injini inapofanya kazi, mzigo wake, mafuta yake na weusi wa moshi wake. Walituma na kadi yenye miraba mitano, wa kwanza kijivu hafifu na wa tano mweusi tititi. Unainyoosha kadi mkononi, unalinganisha na moshi unaotoka kwenye bomba, unaandika namba. Saa nyingi zikizidi mraba wa tatu, injini itasimamishwa.

Tajiri alituletea karatasi hizo mwenyewe. "Kijana, wewe umesoma. Jaza vizuri," akaniambia. "Wakiikataa, mimi sitapigana na serikali. Nitaleta mota za umeme, na hii tutaikata iwe chuma chakavu." Alisema hivyo kwa upole akiitazama injini. Fundi hakumtazama.

Fundi alichukua tambara akapangusa mahali palipokuwa tayari pasafi. Mota za umeme hakuzijua, na kule Kenyenya alikuwa na kipande cha shamba ambacho ndugu zake wawili walikuwa wameshazoea kukilima kana kwamba yeye hatarudi.

Mimi fomu ile niliidharau tangu mwanzo. Iliuliza idadi ya mabaharia. Iliuliza kina cha chombo majini. Nilikuwa na hakika kwamba hakuna mtu atakayeisoma, kwamba itafungwa kwa kamba na kuwekwa juu ya kabati iliwe na panya. Hata hivyo asubuhi ya kwanza nilitoka nje na kadi yangu, kwa sababu kipimo ni kipimo hata kama aliyekiagiza ni mpumbavu.

Moshi ulikuwa mraba wa tano. Saa iliyofuata, wa nne. Asubuhi ya pili, tano tena.

"Umeandika ngapi?" fundi akaniuliza.

"Tano."

"Andika mbili."

"Sio mbili, mzee."

"Bwana Digrii, hiyo kadi yao imepauka. Ukiweka kitu kilichopauka karibu na moshi, moshi utaonekana mweusi. Hata wewe nikikuweka karibu na tajiri."

"Siandiki uongo."

"Sijasema uongo. Nimesema mbili."

Tuliendelea hivyo siku tano. Alinisihi, akanitania, akaacha kunipa chai. Na kila asubuhi ilikuwa tano au nne, halafu kufikia saa sita mchana ikashuka yenyewe hadi tatu. Hapo ndipo udadisi uliponishika kuliko ubishi. Kwa nini asubuhi tu? Siku ya sita nilifika mapema, nikaketi kimya nyuma ya injini, nikamwona fundi akipanda ngazi yake ndogo na kuifungulia pampu ya mafuta kwa mkono, kwa makusudi, hadi injini ikakohoa na bomba likatapika wingu jeusi.

"Mzee! Ni wewe unayefanya hivyo?"

Alishuka bila haraka, akanishika mkono, akanitoa nje. "Tazama kule."

Ng'ambo ya bonde, kwenye vijia vilivyokuwa katikati ya mashamba ya chai, wanawake walikuwa wakiteremka na madebe vichwani. Mmoja, kisha watatu, kisha mstari mzima.

"Wanasubiri moshi," akasema. "Mtu hawezi kubeba mahindi mlima mzima aje akute hatujawasha. Wakiuona wanatoka. Kukiwa na ukungu naongeza."

Miezi yote ile nilikuwa nimepima magunia yao bila kujiuliza walijuaje saa ya kuja. Mimi, niliyejidai kuuliza kila kitu.

Nikamweleza nilichokijua. Kwamba Nyansiongo iko juu sana kuliko ziwa, hewa ya huku ni nyepesi, na injini iliyopimiwa hewa ya kule inapewa mafuta mengi kuliko inavyoweza kuchoma. Hata asipoifungulia, itatoa moshi. Tukipunguza mafuta kidogo, utasafika.

"Hewa ni hewa," akasema.

"Kwa nini basi unahema ukipanda hapa kutoka Keumbu?"

Alifikiri. "Nahema kwa sababu ya uzee."

"Na yenyewe ni nzee."

Hilo lilimchekesha, naye akachukua spana. Ilituchukua mchana mzima kuikaza skrubu inayozuia mafuta, robo mzunguko kwa robo mzunguko, yeye akisikiliza na kiganja juu ya chuma kama daktari, mimi nikikimbia nje na kadi kisha ndani na namba. Tulipomaliza, mawe yote matatu yakiwa yanasaga, bomba lilitoa kitu kama pumzi ya ng'ombe asubuhi ya baridi. Mraba wa kwanza. Fundi alitoka nje akalitazama kwa muda mrefu, uso umejaa huzuni.

"Kama haifanyi kazi," akasema.

Asubuhi iliyofuata Meli iliunguruma tangu saa moja. Saa mbili, hakuna mtu. Saa tatu, hakuna mtu. Karibu saa nne wakaja wanawake watatu bila debe hata moja. Walikuwa wamejifunga leso vizuri, na mmoja amebeba mzigo wa kuni. Walisimama mlangoni wameinamisha macho.

"Tumekuja kuwapa pole," mkubwa wao akasema. "Ni nani ametuacha?"

Kinu chetu hakikuwahi kufungwa siku ya kazi isipokuwa kwa msiba. Hawakuona moshi, wakahesabu wagonjwa wote waliowajua, wakaja na kuni za matanga. Fundi aliwatazama, akaitazama injini iliyokuwa ikinguruma nyuma yake.

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni moshi tu."

"Moshi umefanya nini?"

"Umesoma," akasema akinielekezea kidole. "Muulize huyu."

Walicheka hadi yule wa kuni akalazimika kuutua mzigo. Lakini fundi hakucheka sana. Injini isiyo na mahindi ya kusaga ingekuwa chuma chakavu vilevile, bila serikali kusema neno. Aliuangalia ule mzigo wa kuni. Kisha akaangalia nyuma ya kinu, mahali palipokuwa na kichuguu cha magunzi ya mahindi, yamelowa mvua.

Kesho yake aliyawasha. Magunzi mabichi yanafuka vibaya sana. Wingu lililopanda lilikuwa zito kuliko lolote lililowahi kutoka kwenye bomba letu, na kabla ya saa mbili vijia vilikuwa vimejaa madebe.

Niliandika namba za siku zote kumi na nne kama zilivyokuwa, tano zetu za mwanzo pamoja na moja zetu za mwisho, nikatuma. Sikutarajia jibu. Baada ya majuma matatu ofisa akaja, mwanamke wa umri wangu, viatu vyake vya mjini vimejaa tope, na fomu yangu mkononi. Alikuwa ameisoma. Pembeni alikuwa ameweka alama za kalamu nyekundu, na aliniuliza mambo ambayo hata mimi nilikuwa nimeyasahau. Kwa nini siku ya nane mafuta yalipungua na mzigo haukupungua? Nilimweleza habari za hewa, naye akaandika kila neno. Niliona aibu niliyoistahili.

"Na nahodha ni nani?" akauliza.

"Ni mimi," fundi akasema, akavua kofia.

Ofisa akanyoosha kadi yake kuelekea kwenye bomba. Mraba wa kwanza. Halafu akageuka polepole kuelekea nyuma ya kinu.

"Na ule?"

"Ule si wa injini," fundi akasema. "Ule ni wa kuita watu."

Ofisa alifungua fomu, akaipitia ukurasa kwa ukurasa, mbele na nyuma. Nilimtazama fundi. Alikuwa ameikunja kofia hadi imekuwa kama soseji.

"Hauna mahali pa kuandikwa," ofisa akasema mwishowe, akatia sahihi na kugonga muhuri. Mstari wa chini ya muhuri ulisema injini imeruhusiwa kuendelea na safari zake hadi ripoti ijayo.

Fundi aliniomba nimsomee mstari huo mara mbili. Kisha akavaa kofia yake iliyokunjamana, akamuuliza ofisa kama nyumbani kwao kuna mahindi ya kusagwa.