Bakteria Wangu Walipogeuka Chanya

Nichekeni sasa hivi ili aibu hii iishe mara moja.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Kakamega, na kazi yangu ni kupima chaji ya umeme iliyo juu ya bakteria wa maziwa lala. Kwa kawaida bakteria huwa na chaji hasi. Wiki jana wangu walitoka chanya! Nikarudia mara tatu, chanya! Nilicheza ngoma ya isukuti peke yangu katikati ya maabara, kisha nikampigia mama simu Butere kumwambia mwanawe amepindua sayansi.

Ijumaa idara nzima ilikuja kunisikiliza. Mama naye akafika na jogoo kwenye kikapu, zawadi ya profesa wangu.

"Uliwaosha kwa maji gani?" profesa akauliza.

"Maji safi ya maabara, Prof," nikajibu kwa madaha, nikionyesha jerikeni iliyokuwa kwenye kona.

Mama Nafula, anayetupikia chai, nusura aangushe birika. "Hayo? Hayo ni maji yangu ya chai! Yalikuwa matope tu, nikatia shabu ndio tope lishuke."

Profesa akafumba macho. Shabu hunasa tope kwa chaji yake chanya, na ilikuwa imewavika bakteria wangu chaji hiyo hiyo.

Jogoo akawika. Mama yangu akamtazama jogoo wake, akaninong'oneza, lakini kila mtu alisikia: "Sasa hii ingokho narudi nayo?"